Ni Nani Aliyefungua Faili la Mgonjwa?

Mazungumzo kwa wakazi wa Mabanga kuhusu rekodi za matibabu katika kompyuta



Mabanga inajulikana kwa mafunzo ya wakulima. Watu kutoka pembe nyingi za Bungoma wamewahi kuketi katika chuo cha kilimo cha hapa wakafundishwa, pamoja na mengine, kuweka rekodi za ng'ombe wa maziwa: siku aliyopandishwa, siku anayotarajiwa kuzaa, dawa aliyodungwa, na siku ambazo maziwa yake hayafai kuuzwa kwa sababu ya dawa hiyo. Mfugaji hodari akiulizwa habari za ng'ombe wake hajikuni kichwa, kwa kuwa kadi iko. Mfugaji huyo huyo akifika zahanati na kuulizwa ni dawa gani alipewa mwaka jana, hujibu, "Zilikuwa nyeupe, ndogo ndogo." Ng'ombe ana historia kumshinda mwenyewe.

Historia ya wagonjwa wengi imo ndani ya daftari la shule la kurasa 32, lililonunuliwa dukani karibu na lango la hospitali. Daftari hilo hulowa mvua, huliwa na panya, na mtoto akikosa karatasi ya kuandikia hesabu huchana ukurasa. Mgonjwa akihama kituo, au daftari likipotea, anaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Anaulizwa maswali yale yale, anapimwa vipimo vile vile, na mara nyingine analipia tena. Na lile jambo moja muhimu, kwamba dawa fulani ilimfura uso mwaka juzi, linaweza kukosa kusemwa kwa sababu mgonjwa siku hiyo amezidiwa hawezi kuzungumza.

Hiyo ndiyo kazi ya programu za rekodi za wagonjwa ambazo wakazi wanaziona katika vituo vya afya. Manufaa yake yamesemwa mara nyingi. Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: ni nani anayeruhusiwa kuifungua rekodi ya mgonjwa, na anaifungua kwa jina la nani.

Kwanza, historia fupi, kwa sababu wengi hudhani kitu hiki kilitoka ng'ambo kikafika huku kikiwa kimeiva tayari. Sivyo. Sehemu kubwa ya ujuzi huu ililelewa hapa hapa magharibi mwa Kenya. Mnamo Februari 2001, kituo cha afya cha mashambani cha Mosoriot, katika Nandi, kusini mwa Eldoret, kilianza kutumia kompyuta kuweka rekodi za wagonjwa wake. Kazi hiyo ilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wakati huo daktari hakugusa kompyuta. Mgonjwa aliandikishwa mlangoni, akapewa fomu ya karatasi, akaenda nayo chumba hadi chumba, na alipokuwa akitoka karani akaingiza yaliyoandikwa. Watafiti walisimama na saa mkononi wakapima muda kabla ya mpango huo na baada yake. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kukaa akisubiri ukapungua kwa asilimia 38. Kwa mtu aliyeacha shamba na maziwa asubuhi, hiyo si tofauti ndogo.

Baadaye kliniki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi zikaongezeka chini ya mpango wa AMPATH wa Eldoret, zikafika Webuye, Kitale na kwingineko, na programu ya Mosoriot ikawa ndogo kama nguo ya mtoto aliyekua. Mwaka 2004 wataalamu wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana, pamoja na shirika la Partners In Health, wakaanzisha programu iitwayo OpenMRS, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila malipo na kuirekebisha. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na programu ya KenyaEMR, iliyoanza kuenezwa katika vituo vya umma mwaka 2012, imejengwa juu ya msingi huo huo.

Je, kompyuta inamfanya daktari kuwa bora? Utafiti mmoja wa Eldoret uliochapishwa mwaka 2011 unatoa jibu la haki. Wahudumu waliopewa muhtasari wa mgonjwa ukiwa na neno la kuwakumbusha kwamba kipimo cha CD4 kimechelewa, waliagiza kipimo hicho kwa asilimia 53 ya wagonjwa waliokihitaji. Wale ambao hawakukumbushwa walifika asilimia 38. Ukumbusho ulisaidia, na bado karibu nusu ya wagonjwa hawakupimwa. Programu hunong'oneza tu. Kutibu bado ni kazi ya binadamu.

Sasa ndani ya kituo mambo huendaje? Pale ambapo mfumo unatumika kikamilifu, karani wa mapokezi humtafuta mgonjwa kwa nambari ya kitambulisho, ya simu au ya kliniki, kisha humweka kwenye foleni. Muuguzi huandika uzani, joto na presha. Afisa wa kliniki hufungua rekodi hiyo hiyo, akasoma alichoandika muuguzi na yale ya miezi iliyopita, akaandika ugonjwa na kuagiza kipimo. Maabara huona agizo na kurudisha jibu. Chumba cha dawa huona dawa zilizoandikwa. Si lazima kila mmoja aone yote. Karani wa mlangoni hahitaji kujua jibu la kipimo cha damu ili aweze kumwambia mtu aketi benchi la tatu.

Ruhusa hizo hutolewa kwa akaunti. Kila mhudumu ana jina lake la kuingilia na nywila yake, na akaunti hufungua milango inayohusu kazi yake tu. Tena kila kinachoandikwa huacha alama: nani aliandika, siku gani, saa ngapi. Katika OpenMRS hata kilichofutwa hakiondoki kabisa. Hubaki nyuma ya pazia, pamoja na jina la aliyekifuta na sababu aliyoitoa. Ila kuna upungufu mmoja ambao ni vizuri wakazi waujue: si kila programu huweka alama ya mtu aliyesoma tu bila kuandika neno.

Kabla ya kufika kwenye nywila, kuna jambo la majina, na hapa Bungoma ina shida yake ya pekee. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Wa wakati wa mvua ni Wafula au Nafula. Wa kiangazi ni Simiyu, na wa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Ni majina mazuri yenye habari ndani yake, lakini karani akiandika "Nekesa" kwenye kompyuta hupata orodha ndefu inayojaza kioo. Tarehe ya kuzaliwa nayo haisaidii sana kwa wazee. Mzee akiulizwa alizaliwa lini atasema yeye ni wa rika la Nyange, au la Maina, na kwa Wabukusu hilo ni jibu kamili. Kompyuta haijui Nyange. Karani hukadiria mwaka, na ndiyo sababu wazee wengi katika rekodi walizaliwa siku moja, tarehe 1 Januari.

Mapacha ndio mtihani mkubwa zaidi. Mukhwana na Mulongo wana mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja na nambari moja ya simu, ile ya mama. Karani mwenye haraka anaweza kuwadhania kuwa ni mtoto mmoja aliyeandikishwa mara mbili, akaunganisha rekodi zao. Tangu siku hiyo chanjo ya mmoja inahesabiwa kwa mwingine, na uzani wa mtoto huyo wa kompyuta hupanda na kushuka bila sababu.

Chukua sasa mfano wa kubuni wa Jumatatu ambayo foleni ilianza alfajiri. Kompyuta ni moja. Saa mbili asubuhi afisa wa kliniki anaingia kwa akaunti yake. Saa nne anaitwa chumba cha kujifungulia, mama amezidiwa. Anaondoka mbio, na hakuna wa kumlaumu. Kompyuta inabaki wazi. Muuguzi anakaa, anaendelea na wagonjwa. Baadaye mwanafunzi aliye katika mafunzo ya nyanjani anampokea. Jioni, rekodi za watu wote waliotibiwa siku hiyo zinaonyesha jina la afisa mmoja, ambaye kwa saa tatu alikuwa akiokoa maisha chumba kingine.

Mmoja wa wagonjwa hao ni Mulongo, mwenye kilo 9. Aliyekaa kwenye kompyuta akabonyeza vibaya akaandika 19, na kipimo cha dawa kikafuata uzani huo. Siku ya tatu mama anarudi, mtoto halali, anatapika. Daktari wa siku hiyo anafungua rekodi na swali la kwanza anaweza kulijibu: mtoto alipewa nini. La pili linamshinda: nani alimwona, na aliona nini hata akaandika hivyo? Anampigia simu mwenye jina. Mwenye jina hamkumbuki mtoto kwa sababu hakumwona. Muuguzi au mwanafunzi ambaye angesema, "Ah, kilo zilikuwa 9, nilikosea," hajulikani. Saa moja inapotea katika kuulizana, na mtoto yuko mapajani mwa mama.

Hiyo ndiyo hasara ya nywila inayotumiwa na watu wengi. Huwa inasemwa kama kosa la nidhamu ya ofisi, kama kuchelewa kazini. Anayeumia ni mgonjwa.

Kuna sura nyingine za kosa hilo. Nywila iliyoandikwa kwenye kikaratasi kikabandikwa kando ya kioo. Akaunti ya mhudumu aliyehamishwa kaunti nyingine miaka miwili iliyopita, ambayo bado inaandika wagonjwa kila wiki kana kwamba ana mzimu. Nywila ya msimamizi wa mfumo, yenye ruhusa zote, anayoijua kila mtu hadi kijana wa kutengeneza printa.

Hapa ni haki kuwatetea wahudumu kidogo. Watu hawaazimani nywila kwa uovu. Wanaazimana kwa sababu foleni ni ndefu, kuingia na kutoka kunachukua dakika, na mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani aliyeomba akaunti wiki ya kwanza huenda akaipata mafunzo yakikaribia kwisha. Ukali peke yake hautaondoa tabia hiyo. Kinachoiondoa ni akaunti kutolewa siku mtu anaporipoti kazini na kufungwa siku barua yake ya uhamisho inapotoka, kioo kujifunga chenyewe kikiachwa dakika chache, na kompyuta kuwa zaidi ya moja. Mkazi anayehudhuria mikutano ya kukusanya maoni kuhusu bajeti ya kaunti anaweza kuuliza habari za kompyuta za kituo chake kama anavyouliza habari za barabara na maji.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye foleni, kwa sababu aliyeipata hayupo pale. Wapo wakazi wa Bungoma wanaochukua dawa za virusi vya ukimwi mbali na nyumbani. Wanapanda matatu, wanapita Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, ilhali dawa hizo hizo zinatolewa karibu na kwao bila malipo. Sababu wanaijua wenyewe: karani wa karibu ni shemeji, muuguzi wanaimba naye kwaya moja. Mtu huyo haogopi dawa. Anaogopa macho. Na hofu yake ina msingi ikiwa rekodi inaweza kufunguliwa na yeyote anayepita mbele ya kompyuta. Mwezi nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana, na virusi vinavyoachwa bila dawa hupata nafasi ya kuzoea dawa hizo.

Kwa ajili ya watu kama hao kliniki hizo hutumia nambari. Mgonjwa wa kliniki ya CCC hupewa nambari ya tarakimu 10: tano za kwanza ni za kituo, tano za mwisho ni zake. Anaweza kuitwa kwa nambari na faili lake kutafutwa kwa nambari. Ni mpango mzuri, lakini unamficha mgonjwa kwa walio kwenye benchi tu. Aliyeketi kwenye kompyuta kwa nywila ya kuazima anaona kila kitu.

Wengine huuliza: kama rekodi iko kwenye kompyuta ya Bungoma, mbona daktari wa Kitale haioni? Katika vituo vingi rekodi hukaa kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe. Hilo lina faida yake, maana mtandao ukikatika kazi inaendelea. Hata hivyo mgonjwa anayehamia Kitale kikazi au kimasomo asidhani habari zake zimemtangulia. Aombe barua ya uhamisho yenye dawa zake na majibu ya vipimo vya mwisho. Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2023, inalenga mfumo mmoja wa taifa ambamo rekodi itamfuata mgonjwa kutoka kituo hadi kituo na kaunti hadi kaunti. Mfumo huo ukikamilika, nywila moja iliyoazimwa kijijini itakuwa mlango mkubwa kuliko ilivyo leo.

Stima ikipotea, wahudumu hurudi kwenye karatasi na kuingiza habari baadaye. Siku kama hiyo mgonjwa akumbushe ziara ijayo kwamba alitibiwa stima ikiwa imepotea, ili ihakikishwe kwamba karatasi yake iliingizwa.

Kuhusu sheria, machache yanatosha. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa habari nyeti, na inataka ishughulikiwe na mtoa huduma za afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu virusi vya ukimwi inakataza kufichua hali ya mtu. Kwa hivyo chifu, mwajiri, mwalimu mkuu au mume hana ruhusa ya kuonyeshwa rekodi kwa sababu tu ya cheo chake. Mwenye rekodi akikubali, hilo ni jambo lingine. Na mzazi anaweza kuuliza kuhusu mtoto wake mdogo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaoitwa CHP, nao wanatembelea boma kwa boma wakiwa na mkoba wa vifaa na simu. Serikali ilizindua wapatao 100,000 kote nchini Septemba 2023. Simu ile ni faili la wagonjwa kama kompyuta ya hospitali. Haifai kuachiwa mtoto achezee, na mkazi hakosi adabu akimwuliza mhamasishaji anaandika nini kuhusu boma lake.

Kwa jumla mkazi ana haki ya kuuliza. Anaweza kuuliza habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, akaomba kuziona, na akaomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Huku kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na kumwuliza daktari swali huonekana kama kumkosea heshima. Lakini kuna namna ya kuuliza: "Daktari, samahani, hapo umeingia kwa jina lako?" Mhudumu aliyeingia kwa jina lake hatakasirika. Ambaye hakuingia kwa jina lake atakumbuka kufanya hivyo.

Mkazi naye ana wajibu. Anayetumia kitambulisho au kadi ya ndugu ili atibiwe anaandika ugonjwa wake ndani ya mwili wa mwingine. Ndugu akija kuzirai, daktari atasoma kwamba ana kisukari asichokuwa nacho. Nambari ya simu ikibadilika, kituo kiambiwe, la sivyo jibu la maabara litapigiwa mtu asiyehusika.

Anayeona kosa katika rekodi aende na kitambulisho, au na cheti cha kuzaliwa ikiwa ni mtoto, amwone afisa wa rekodi za afya wa kituo. Aseme kilichokosewa na kilicho sahihi, na aombe kuonyeshwa baada ya kusahihishwa. Asishangae kuambiwa maandishi ya zamani hayajafutwa kabisa. Yanatakiwa kubaki pamoja na alama ya marekebisho, ili ijulikane nini kilibadilishwa na nani. Asiposikizwa, amwendee msimamizi wa kituo, kisha ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Ikiwa siri yake imetolewa nje, anaweza kufikisha malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na mama wa mapacha aje na vijitabu vya kliniki vyote viwili, hata siku ambayo mgonjwa ni mmoja.